Nanoselulosi kwenye chakula na vifungashio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mnunuzi anayesoma lebo, kwa mwenye kiwanda kidogo anayetafuta kifungashio kisicho cha plastiki, na kwa kibarua anayefungua mifuko ya unga mweupe ambao hakuna aliyemweleza ni wa nini. Watatu hao hawakabiliwi na hatari moja. Ndiyo maana majibu mengi humu yatarudi kwenye mambo yale yale: ni nanoselulosi ipi, imeingia mwilini kwa njia gani, na imechanganywa na nini.

Nanoselulosi ni kitu gani?

Ni selulosi ile ile inayoufanya mti usimame na mchicha ukakamae, ila imefumuliwa hadi kuwa nyuzi nyembamba kupita kiasi. Anselme Payen, mkemia wa Ufaransa, ndiye aliyeitenga na kuieleza selulosi mwaka 1838. Leo tunajua ni minyororo mirefu ya glukosi, iliyoungana kwa namna ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuikata. Mbao zina selulosi kama 40% hadi 50%, pamba karibu 90%.

Aliyewahi kushika kamba ya katani ataelewa haraka. Ukiifumua kamba unapata nyuzi. Ukiufumua uzi mmoja kwa mashine, ndani yake mna nyuzi nyingine, na ndani ya hizo nyingine tena, mpaka ufike kwenye uzi wenye unene wa nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa kawaida kitu huitwa cha nano kikiwa na walau upande mmoja usiozidi nanomita 100.

Ni teknolojia mpya?

Jina ndilo jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Albin Turbak na wenzake katika maabara ya kampuni ya ITT Rayonier huko Whippany, New Jersey, walipitisha rojo la mbao kwenye mashine ya shinikizo inayotumika kulainisha maziwa, wakapata uji mzito unaong'aa. Chakula kilikuwa akilini mwao tangu mapema: hataza yao ya Marekani ya mwaka 1982 ilihusu vyakula vyenye selulosi hiyo. Biashara haikuchangamka wakati ule kwa sababu mashine zilikula umeme mwingi mno. Kilichoirudisha mezani ni njia za kuitayarisha nyuzi kwa kemikali kabla ya kuifumua, na mojawapo, ile inayotumia kemikali iitwayo TEMPO, iliwapatia Wajapani watatu, Akira Isogai, Tsuguyuki Saito na Yoshiharu Nishiyama, Tuzo ya Marcus Wallenberg, ya utafiti wa mazao ya misitu, mwaka 2015.

Ziko aina ngapi, na je, zote ni sawa kiusalama?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Jina ni moja lakini bidhaa ni nyingi.

Ya kwanza ni nyuzi ndefu zilizofumuliwa kwa mashine. Hizi hulegea na kushikana kama utando, na hufanya maji yawe mazito hata zikiwa kidogo sana. Ya pili ni vipande vifupi na vigumu, mfano wa sindano, vinavyopatikana kwa kuilowesha selulosi kwenye asidi kali ya salfuriki. Sehemu laini huliwa na asidi, vinabaki vipande vyenye urefu wa nanomita mia moja au mia kadhaa. Asidi hiyo huacha vikundi vya salfeti juu ya vipande. Ya tatu hutengenezwa na bakteria, hasa Komagataeibacter xylinus, na hakuna mti unaokatwa. Kama umewahi kula nata de coco, ule utandotando wa Ufilipino unaotafunika kama jeli ngumu, basi umekwisha kula selulosi ya bakteria.

Juu ya aina hizo tatu huongezwa matengenezo ya uso: wengine huzipa nyuzi chaji hasi, wengine chaji chanya, wengine huzifanya zisipende maji. Nyuzi iliyofumuliwa kwa mashine tu ni karibu sana na ile iliyo kwenye kabichi. Nyuzi iliyobadilishwa uso kwa kemikali ni kitu kingine na inastahili vipimo vyake yenyewe. Muuzaji akikuonyesha utafiti wa usalama, tazama kwanza kama nyuzi iliyopimwa ndiyo anayokuuzia. Mara nyingi siyo.

Je, tayari ninaila?

Selulosi, kila siku: kwenye maharage, kisamvu, machungwa, ugali wa dona. Ndani ya kuta za seli za mboga hizo zimo nyuzi zenye unene wa nanomita tatu au nne, ila zimefungwa pamoja na vitu vingine na meno yako hayana uwezo wa kuzifumua. Nanoselulosi iliyotengenezwa na kuongezwa kwa makusudi ni habari nyingine. Kampuni ya Nippon Paper ya Japani inauza nyuzi za namna hiyo za daraja la chakula, hasa kwa kushikilia unyevu na kuzuia vitu kutengana.

Nikiona E460 kwenye lebo, ndiyo hiyo?

Kwa kawaida siyo. E460, mojawapo ya namba za Ulaya za nyongeza za chakula, ni selulosi ya kawaida iliyosagwa, au ile ya mikrokristali iliyovumbuliwa katikati ya miaka ya 1950 katika kampuni ya American Viscose, na ambayo leo imo kwenye vidonge vingi vya duka la dawa, ikishikilia dawa isisambaratike. Vipimo rasmi vya Umoja wa Ulaya vinataka chembe za E460 zisiwe chini ya mikromita 5, yaani nanomita 5,000, na zilizo ndogo kuliko hapo zisizidi 10%. Zaidi ya hayo, sheria ya Ulaya ya nyongeza za chakula ya mwaka 2008 inasema wazi kwamba ukibadilisha ukubwa wa chembe kwa teknolojia ya nano, una kitu kipya kinachohitaji idhini yake. Kwa hiyo mtengenezaji hawezi kuisaga E460 hadi nano kisha akaendelea kujificha nyuma ya namba ile ile.

E466, inayoonekana sana kwenye aiskrimu na mtindi, ni selulosi iliyobadilishwa kwa kemikali ili iyeyuke majini. Nayo siyo nano, lakini ina kisa chake tutakachokifikia.

Ikifika tumboni inakuwaje?

Haimeng'enywi. Mbuzi na ng'ombe wana vijidudu vya kuivunja selulosi. Sisi tunao wachache kwenye utumbo mpana na kazi yao ni ndogo. Sehemu kubwa hupita na kutoka na choo. Ndani ya asidi ya tumbo na chumvi za utumbo, nyuzi hizi pia hushikana na kujikunja kuwa mabonge, hivyo kinachofika utumboni si lazima kiwe cha nano tena.

Swali linalowasumbua wataalamu ni kama vipande vifupi kabisa vinaweza kupenya ukuta wa utumbo. Kwa nyuzi ndefu jambo hilo ni gumu kutokea: ni nyembamba, ndiyo, lakini ni ndefu na zimesukana. Kwa vipande vya mfano wa sindano, mashaka yana msingi zaidi, na ndiyo sababu havistahili kupewa cheti cha usalama kwa kusingizia utafiti wa zile ndefu.

Vipimo gani vimefanywa, na vilionyesha nini?

Wenye uzito zaidi kwa upande wa chakula ni utafiti wa siku 90 uliochapishwa mwaka 2020. Panya wa maabara walilishwa selulosi iliyofumuliwa kwa kiwango cha 2%, 3% na 4% ya chakula chao chote, sambamba na panya waliolishwa selulosi ya kawaida. Hata kwa 4%, ambayo ni zaidi ya miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, hakukuonekana madhara yaliyosababishwa nayo. Kwa mtu wa kilo 60, hesabu ya moja kwa moja ni zaidi ya gramu 120 kila siku. Wakaguzi hawafanyi hesabu ya moja kwa moja, bila shaka. Kwa desturi hugawanya kwa 100 ili kufidia tofauti ya panya na mtu, na ya mtu na mtu. Hata baada ya kugawanya, unabaki na zaidi ya gramu moja kwa siku, na kazi ya kuzidisha uzito wa mchuzi au juisi huhitaji kiasi kidogo sana cha nyuzi hizi.

Kabla ya hapo, mwaka 2019, watafiti wa Harvard walichapisha kazi yenye pande mbili. Kwanza walizipitisha nyuzi kwenye tumbo la maabara, mdomo hadi utumbo mwembamba, kisha wakaziweka juu ya seli za utumbo wa binadamu. Seli hazikufa, ingawa katika kipimo cha juu kabisa lilionekana ongezeko dogo la dalili za msongo wa oksijeni, yaani seli kuelemewa na kemikali kali za oksijeni. Pili waliwanywesha panya rojo la 1% mara mbili kwa wiki kwa wiki tano, na damu na viungo vyao havikuonyesha tofauti ya maana na wenzao.

Kwa selulosi za kawaida, EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilizipitia upya mwaka 2018 na kusema hakuna haja ya kuweka kikomo cha namba kwa siku. Watetezi wa nanoselulosi hupenda kuinukuu ripoti hiyo. Ni haki kuinukuu kama msingi, lakini ilihusu selulosi zilizokwisha kuorodheshwa, na ukubwa wake tumeshaueleza.

Basi mashaka yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye kile kinachotokea polepole. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mwingine wa panya wa wiki tano, safari hii ukitazama bakteria wa utumboni. Mchanganyiko wa bakteria ulibadilika, wakiwemo wale wanaotengeneza asidi fupi za mafuta ambazo ukuta wa utumbo huzitegemea. Panya hawakuugua. Lakini wiki tano si miaka kumi, na panya wa maabara hula chakula kile kile kila siku, tofauti na mtu anayechanganya chipsi, maandazi na soda.

Sasa kile kisa cha E466. Ilikuwa imekubalika kwa miongo kadhaa, vipimo vya sumu vyote vikiwa safi. Mwaka 2015 watafiti wakaonyesha kwamba kwa panya wadogo inaweza kuvuruga bakteria wa tumbo na kuchochea uvimbe wa utumbo. Kisha likaja jaribio la watu 16 wenye afya, wakiishi chini ya uangalizi kwa siku 11, baadhi wakila gramu 15 za E466 kwa siku. Bakteria zao zilibadilika, na kwa watu wawili bakteria walionekana kusogea karibu na ukuta wa utumbo kuliko kawaida. Gramu 15 ni nyingi mno kuliko mlo wa kawaida, na watu 16 ni wachache, kwa hiyo mtu asikimbie aiskrimu kwa sababu hiyo. Ninachokiona mimi ni kwamba vipimo vya zamani vya sumu havikuundwa kuwatazama bakteria. Nyuzi za nano zilizopewa chaji hasi, kama ile ya E466, zinapaswa kuulizwa swali hilo tangu mwanzo.

Nasikia inazuia mafuta yasiingie mwilini. Nitumie nipungue?

Chanzo cha habari hizi ni kazi halisi. Mwaka 2018, kundi la Harvard lilichanganya nyuzi za nano na malai mazito ndani ya tumbo la maabara, na uvunjwaji wa mafuta ukapungua kwa 48.4%. Kwa panya waliolishwa malai hayo, mafuta ya damu baada ya mlo yalipungua kwa 36%. Matone ya mafuta hunaswa na kukusanywa na nyuzi, hivyo kimeng'enya cha kuvunja mafuta hukosa sehemu ya kushika. Na chumvi za nyongo nazo hunaswa.

Sasa geuza shilingi. Vitamini A, D, E na K huingia mwilini zikiwa zimebebwa na mafuta. Kitu kinachonasa mafuta hakichagui. Kwa mtu mzima aliyeshiba hilo linaweza kuwa dogo, lakini kwa mtoto ambaye vitamini A yake yote inatoka kwenye mafuta ya kula yaliyorutubishwa, si dogo hata kidogo. Ukiona mtu anauza poda ya nanoselulosi ya kupunguza kitambi, fahamu kwamba anauza matokeo ya panya. Kula maharage.

Kwenye kifungashio inafanya kazi gani?

Utando mkavu wa nyuzi hizi huzuia oksijeni vizuri sana, pengine kuliko plastiki nyingi, na huzuia mafuta yasipenye karatasi. Hilo la pili limepata bei kwa sababu ya kemikali za PFAS, zinazozuia mafuta lakini haziozi kwa urahisi, zilizokuwa zikipakwa kwenye karatasi za chipsi na masanduku ya piza. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba kemikali hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena huko kwa ajili ya karatasi za chakula, na Ulaya imeweka vikomo vyake kuanzia Agosti 2026. Wenye viwanda wanatafuta mbadala, na rojo la mbao lililofumuliwa ni mojawapo.

Kwetu msukumo ni wa plastiki. Rwanda ilitangulia kupiga marufuku mifuko mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Lakini nyuzi hizi zina udhaifu mmoja ambao vipeperushi vya mauzo havipendi kuutaja: hupenda maji. Hewa ikijaa unyevu, nyuzi huvimba na oksijeni inapita. Kifungashio kilichofaulu vizuri Finland hakijafaulu Mombasa wala Dar es Salaam mpaka kipimwe kwenye unyevu wa pwani. Chakula kikiharibika ndani ya pakiti nzuri, hilo nalo ni suala la usalama.

Nyuzi zinaweza kuhama kutoka kwenye kifungashio hadi kwenye chakula?

Zikiwa ndani ya karatasi au zimefunikwa na tabaka jingine, ni vigumu. Zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kubwa. Zikiwa ndizo tabaka linalogusa chakula chenye majimaji, kiasi kidogo kinaweza kutoka, na utaimeza kama ungeimeza kwenye chakula.

Binafsi naogopa zaidi wenzao wa safari. Nyuzi hizi ni mbebaji mzuri, kwa hiyo watengenezaji huzipachika chembe za nano za madini ya fedha au zinki oksidi ili ziue vijidudu, au huziunganisha kwa gundi za kemikali ili zisilowe. Pakiti ikiandikwa kuwa imetokana na mimea, maneno hayo yanasema ukweli kuhusu selulosi na kunyamaza kuhusu fedha. Kwa plastiki zinazogusa chakula, Ulaya inataka kila kitu cha nano kiwe na idhini yake mahususi, hata kikiwekwa nyuma ya tabaka la kukizuia.

Na matunda yaliyopakwa utando?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, wametengeneza michanganyiko ya nyuzi za nano ya kupaka matunda, ndizi zikiwemo, ili yasiive haraka wala kupoteza maji. Kwa tunda linalomenywa, kiasi unachokula ni kidogo mno. Kwa embe unalolila na ganda, ni zaidi kidogo, na bado ni utando tu.

Watu huichanganya na habari ya heksanali, ambayo imefika kwetu kweli. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Nairobi vilishiriki mradi uliofadhiliwa na Kanada, ukizishirikisha pia India na Sri Lanka, wa kunyunyizia maembe na ndizi heksanali. Hiyo ni kemikali ambayo mimea yenyewe huitengeneza, nayo huchelewesha kuchakaa kwa ganda. Mradi uliitwa wa nanoteknolojia, lakini heksanali si nanoselulosi, na usalama wa moja hauthibitishi wa nyingine.

Titani dioksidi ilikuwa nano na ikapigwa marufuku. Kwa nini hii isiwe hivyo hivyo?

Kwa sababu marufuku haikutokana na neno nano. E171, yaani titani dioksidi ya chakula, ule weupe wa pipi na bazoka, ilikataliwa baada ya EFSA kusema Mei 2021 kwamba haiwezi kuondoa uwezekano wa kuharibu vinasaba. Ulaya ikaifuta mwaka 2022. Marekani bado inaruhusu hadi 1% ya uzito wa chakula. Titani dioksidi ni madini, hulimbikizwa mwilini, na haioni haya kukaa. Selulosi ni sukari iliyosukwa. Vipimo vya kuharibu vinasaba ni lazima vifanywe kwa zote mbili, na kwa nyuzi zilizofumuliwa bila kubadilishwa, mpaka sasa picha ni nzuri.

Wanaoitengeneza na kuichanganya je?

Hili ndilo swali ambalo lingepaswa kuulizwa la kwanza, nalo huulizwa la mwisho. Mapafu si tumbo. Unga mkavu wa nanoselulosi ukipeperuka, chembe huenda mbali ndani ya mapafu, na huko hakuna choo cha kuzitoa. Mwili hauna kimeng'enya cha kuivunja selulosi, hivyo hukaa. Watafiti wa taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, waliziingiza nyuzi na vipande hivi kwenye mapafu ya panya wadogo na kukuta uvimbe, ukubwa wake ukitegemea umbo la chembe. Katika utafiti wa mwaka 2016 majike yaliathirika zaidi kuliko madume. Kiasi kilichotumika ni kikubwa na kiliingizwa kwa mikupuo, lakini funzo kwa kiwanda halibadiliki.

Kikomo cha NIOSH kwa vumbi la selulosi ya kawaida ni miligramu 10 kwa mita ya ujazo ya hewa, na miligramu 5 kwa vumbi jembamba linalofika ndani ya mapafu. Kwa nano, busara inataka kuwa chini ya hapo kwa mbali. Nyuzi zikiwa rojo, asilimia chache tu za nyuzi na zilizobaki maji, hatari ya vumbi karibu haipo. Inaanza pale zinapokaushwa, kupuliziwa, kumiminwa kutoka mifukoni, au rojo lililomwagika linapoachwa likauke sakafuni kisha likafagiliwa kwa ufagio. Fagia kwa maji. Barakoa ya kitambaa haisaidii; inahitajika ya kuchuja chembe ndogo, inayobana uso.

Ina gluteni? Ina mzio? Ni halali?

Selulosi yenyewe haina protini, na mzio hutokana na protini. Lakini nyuzi zinaweza kutolewa kwenye majani ya ngano au maganda ya njugu, na kama usafishaji ulikuwa wa kubahatisha, protini hubaki. Msambazaji makini hupima mabaki ya protini na kuandika. Kwa selulosi ya bakteria kuna jambo la ziada: bakteria hawa wana sumu ya ganda iitwayo endotoksini, ambayo ni lazima isafishwe, hasa kama bidhaa itakuwa unga.

Kuhusu uhalali, malighafi karibu zote ni mimea. Lipo kundi moja la wanyama wa baharini, tunikata, wanaotengeneza selulosi wenyewe, na maabara huwatumia. Kwenye nanoselulosi ya chakula kwa kawaida hutawakuta.

Nani anaidhibiti hapa kwetu?

Tanzania Bara, usalama wa chakula uko TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko, pamoja na wizara ya afya. Viwango vyetu vya nyongeza za chakula hufuata sana Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ambako selulosi ina namba ile ile 460. Ulaya, kiambato cha nano kilichotengenezwa makusudi ni lazima kiandikwe neno nano kwenye orodha ya viambato. Marekani haina sharti hilo la lebo. FDA, kwa mwongozo wake wa mwaka 2014, hutazama bidhaa moja moja, hata chembe zikizidi nanomita 100 kama ukubwa wake ndio unaozipa tabia mpya. Bidhaa iliyoingizwa Afrika Mashariki kutoka Marekani kwa hiyo inaweza kuwa nayo bila neno lolote, na iliyotoka Ulaya inatarajiwa kuwa na neno.

Nimpe mtoto mchanga?

Hapana, na si kwa kuwa imethibitika ina madhara. Utumbo wa mtoto mchanga bado unajengwa, bakteria wake ndio kwanza wanahamia, na vipimo tulivyovieleza vilifanywa kwa panya waliokwisha kuachishwa ziwa. Chakula chake hakina haja ya kuzidishwa uzito kwa nyuzi.

Msambazaji ameniletea sampuli. Nimuulize nini?

Muombe karatasi, usimuombe maelezo. Karatasi ionyeshe chanzo cha nyuzi, njia ya kuzifumua, na kama uso umebadilishwa kwa kemikali. Ionyeshe mgawanyo wa urefu na unene kwa picha za hadubini ya elektroni, maana mashine za kawaida za kupima chembe hudhani kila kitu ni duara na nyuzi huzichanganya. Uone mabaki: salfeti, metali nzito, kemikali ya TEMPO kama ilitumika, protini, endotoksini, na vijidudu, kwa sababu rojo lenye maji tele huota kuvu haraka kwenye joto letu. Kama wameweka dawa ya kuzuia kuvu, nayo iandikwe jina, kwani rojo la daraja la rangi na la daraja la chakula hufanana machoni. Kisha utafiti wa usalama wa bidhaa hiyo hiyo, yenye jina hilo hilo na njia hiyo hiyo ya kutengeneza.

Kwa kifungashio, dai kipimo cha uhamaji kilichofanywa kwa chakula kinachofanana na chako: maji, siki au mafuta, kwa joto la ghala lako. Akikuletea cha nyuzijoto 20 wakati mzigo wako unakaa kontena la Tanga mwezi Februari, mrudishie.